Tingatinga na Lilanga: ushauri kwa mnaoanza kulinganisha wasanii wawili

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu waliopewa kazi ileile: chagua wasanii wawili wa kisasa wenye ubunifu, linganisha maisha yao na mitindo yao, andika kurasa kumi. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kuchora jedwali lenye safu mbili, upande huu mwaka wa kuzaliwa, kabila, elimu, vifaa na mada za msanii wa kwanza, upande wa pili hayohayo ya msanii wa pili, na wanachoniomba ni kuwasaidia kujaza nafasi zilizobaki wazi. Siwalaumu, kwa sababu nami nilianza hivyohivyo nilipoajiriwa kuandaa maelezo ya picha za maonyesho jijini Dar es Salaam, na jedwali langu lilikuwa refu kuliko yao. Siku moja mzee mchoraji aliyekuja kuleta kazi zake alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu chui na hii rangi ya nyuma, kipi kilitangulia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa nne juu ya picha ambayo sikujua ilitengenezwaje.

Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na swali lile, na mfano nitakaoutumia ni wa wasanii wawili ambao karibu kila mwanafunzi wa sanaa Tanzania huwagusa: Edward Saidi Tingatinga na George Lilanga. Nimewachagua kwa sababu kwa juu juu wanafanana mno, na kufanana huko ndiko kunakowapoteza waandishi wapya. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika jamii ya Wamakonde, upande wa Lindi na Mtwara. Wote wawili ni watu wa kusini waliokuja Dar es Salaam kutafuta maisha, wote hawakupitia chuo cha sanaa, wote waliwahi kufanya kazi ambazo hakuna mtu aliyedhani zingemtoa msanii, na wote walikuja kutumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile inayopakwa baiskeli na milango, juu ya hadibodi. Ukiyaweka hayo kwenye jedwali utadhani umewalinganisha, kumbe hujaonyesha chochote zaidi ya kuwa walizaliwa jirani na kununua dukani bidhaa za aina moja.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba uyaandike maisha ya kila mmoja kwa kuuliza mkono wake ulijifunza nini kwanza, na baada ya hapo alipewa muda kiasi gani. Mengine yote yatafuata.

Tingatinga aliondoka kwao akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, halafu akahamia Dar es Salaam alikoajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Alianza kuchora picha za kuuza mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Alitumia hadibodi iliyokatwa vipande vya mraba vya takriban futi mbili kwa mbili na rangi za mafuta zilizopatikana katika maduka ya kawaida, na picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, mahali walipopita wageni wenye fedha za kununua mboga na pia picha. Mkewe, Agatha Mataka, alishiriki katika biashara hiyo. Hata baada ya picha kuanza kununuliwa alipata ajira ya utumishi katika Hospitali ya Muhimbili, jambo linalokuonyesha kwamba uchoraji peke yake haukuwa umempa uhakika wa mlo. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayetoroka, akafariki. Ukihesabu vizuri, kazi yake yote ya uchoraji ilichukua kama miaka minne.

Naomba usimame kidogo hapo kwenye miaka minne, kwa sababu ndipo waandishi wapya wanapoharibu. Kwanza, wanapenda kuandika kuhusu "vipindi" vya maisha ya msanii, kipindi cha mwanzo, cha kati na cha mwisho, kama wanavyosoma kuhusu wachoraji walioishi miaka tisini. Miaka minne haina vipindi vya namna hiyo. Ina majaribio, ina picha zilizouzwa upesi na kwa hiyo zikarudiwa, ina picha zilizokataliwa, na ina mtu anayejifunza huku anauza. Pili, na hili ni zito zaidi, wanakichukua kifo chake na kukirudisha ndani ya picha. Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi mmoja aliyeona katika macho ya fisi wa Tingatinga "dalili ya msiba unaokuja". Fisi yule alichorwa na mtu aliyekuwa anafikiri juu ya kodi ya nyumba na wateja wa Jumamosi, na hakuwa na habari yoyote ya risasi. Kifo kiandike mahali pake, kwa sentensi mbili tatu za heshima, kisha kiache kibaki huko.

Kwa Lilanga hesabu ni nyingine kabisa. Yeye alikua katika uchongaji. Kwa Wamakonde kuchonga ni kazi inayofundishwa na wakubwa kwa kuonyesha, na kijana huanza na mti laini kabla hajakabidhiwa mpingo, ambao ni mgumu, mzito, na humwadhibu mtu mwenye haraka. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 alipata nafasi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na inasimuliwa kwamba aliingia pale kama mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa tayari na tezo na patasi mkononi mwake, kwa maana ya ujuzi, na katika kituo hicho alikuta watu wanaofanya batiki, wanaochora kwenye ngozi ya mbuzi, wanaochapa picha kwa sahani za chuma, na wanaokata na kuunganisha vyuma kwa ajili ya malango na madirisha. Alijaribu karibu kila kitu. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani, na kuanzia hapo jina lake likaanza kusafiri kuliko yeye mwenyewe. Aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni, akiwa na wasaidizi wengi, huku kisukari kikimpunguzia nguvu na uwezo wa kutembea, na akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Huyu alipewa zaidi ya miaka thelathini. Kwake unaweza kuzungumzia vipindi, na kwa kweli usipovizungumzia utakuwa umeacha nusu ya habari.

Sasa tuje kwenye mtindo, na hapa nitakwenda polepole.

Ukipata nafasi ya kukaa na picha ya Tingatinga, au ya mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, usianze kuitafutia maana. Omba ruhusa uigeuze. Hadibodi ina upande laini na upande wenye mistari midogo iliyopishana kama alama za wavu, na upande huo wa nyuma utakuambia mengi: kama ubao ulikatwa kwa msumeno wa mkono, kama umewahi kulowana, kama jina lililoandikwa ni la wino wa zamani au la kalamu iliyonunuliwa juzi. Kisha uirudishe, uinamie kwa ubavu ili mwanga wa dirisha uteleze juu yake. Utaona kwamba rangi ya nyuma ni tandiko moja, jeupe, la buluu au la manjano, lililopakwa ubao mzima kutoka ukingo hadi ukingo, na kwamba mnyama amewekwa juu yake baada ya tandiko hilo kukauka. Ukipitisha jicho kwenye mgongo wa chui utaona mwinuko mdogo mahali ambapo rangi yake inapanda juu ya rangi ya nyuma. Madoa yamepanda juu ya manjano ya mwili, na nukta nyeupe zimepanda juu ya madoa. Rangi ya mafuta ya aina hii haikauki kwa saa moja. Mchoraji anapaka, anaacha, anarudi kesho. Hilo ndilo jibu la swali la yule mzee, na ndilo lililonifunua macho: picha imejengwa kwa kusubiri, tabaka juu ya tabaka, na mnyama anaonekana amesimama peke yake katika hewa safi kwa sababu hewa hiyo ilitandikwa kwanza, ikaachiwa usiku mzima.

Angalia pia jinsi mnyama alivyogeuzwa. Mara nyingi mwili unaonekana kwa ubavu, miguu yote minne ikiwa imepangwa, mkia umepinda ili usitoke nje ya mraba, lakini uso umegeuzwa kabisa kututazama, na macho mawili ya duara. Hakuna chui anayesimama hivyo porini. Waandishi wapya hukimbilia kusema kwamba mchoraji "hakujua" kuchora mnyama sawasawa. Mimi nawashauri waulize mraba wa futi mbili unataka nini. Mwili wa ubavu unaujaza mraba vizuri; uso wa mbele unampa mnunuzi kitu cha kukutana nacho. Chini kuna maua au majani mawili matatu, juu ndege, basi. Ubunifu wa Tingatinga, kwa maoni yangu, uko katika kujua wapi pa kuacha. Wengi waliomfuata walimzidi kwa ufundi wa brashi, lakini wachache sana waliweza kuacha nafasi kubwa namna ile bila kuogopa.

Picha ya Lilanga ukiigeukia kutoka hapo utahisi umetoka kwenye chumba chenye mtu mmoja ukaingia kwenye daladala saa kumi na mbili jioni. Viumbe wana masikio makubwa, matumbo yaliyotuna, midomo iliyochomoza na vidole vichache. Mmoja ameshika mguu wa mwenzake, mwenzake amemshika wa tatu sikio, huku wa nne akicheka au akilia, huwezi kusema. Rangi ni kali na zimetengana kwa mistari iliyokolea, na hata sehemu ambayo ingekuwa wazi imejazwa nukta au michirizi. Hakuna aliyesimama peke yake, na hakuna hewa.

Kwa miaka kadhaa niliandika, kama wengine wanavyoandika, kwamba Lilanga alijaza picha zake kwa sababu alipenda shamrashamra za mji. Labda ni kweli. Lakini siku niliyokaa Mwenge, kwenye soko la wachongaji jijini Dar es Salaam, mchana kutwa nikimtazama mchongaji akifanya kazi ndipo nilipoanza kuona jambo jingine. Alikuwa na gogo la mpingo la unene wa paja, na ndani yake alikuwa anatoa watu sita waliopandiana, aina ile ya kinyago inayoitwa ujamaa. Kila alipotoa kipande alikuwa anaamua mkono wa nani utagusana na bega la nani, kwa sababu wote wanatoka kwenye gogo moja na anayeachiwa bila kushikwa atavunjika. Katika mpingo kila kiungo kina jirani. Nilirudi nikazitazama tena picha za Lilanga nikiwa na gogo lile kichwani, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba wale viumbe wameshikana kwa utaratibu wa mchongaji: mguu unapoishia ndipo mkono wa mwingine unapoanzia, na tundu kati yao lina umbo lake kamili, kama tundu ambalo patasi imelitoboa. Alihama kutoka kwenye mti kwenda kwenye ubao, lakini aliendelea kufikiri kwa gogo. Haya ni maoni yangu, na msomaji ana haki ya kuyapinga; nimeyaleta ili uone namna ya kufikia maoni, kwa kutazama jinsi kitu kinavyotengenezwa kabla ya kukizungumzia.

Hapo ndipo ulinganisho wa kweli unapopatikana. Mmoja anaanza na uwanja mtupu na kuongeza kimoja. Mwingine anaanza na umbo lililojaa na kutoa tundu. Ukilishika hilo, mambo mengi yaliyokuwa yametawanyika kwenye jedwali lako yatajipanga yenyewe, yakiwemo yale ya mada. Mnyama mmoja wa Tingatinga hana hadithi ndefu kwa sababu hana mtu wa kuzungumza naye. Viumbe wa Lilanga hawawezi kunyamaza, na ndiyo maana picha zake nyingi zina majina marefu, sentensi nzima za Kiswahili zinazosimulia nani kamwambia nani nini, kama mazungumzo yaliyosikika barazani. Usiyafupishe majina hayo unapoyanukuu. Nimeona kitabu cha maonyesho ambamo sentensi nzima ya namna hiyo ilifupishwa ikawa neno moja la kigeni, na picha ikabaki bubu.

Kuhusu neno "shetani", ambalo ndilo viumbe hao wa Lilanga huitwa, nakuomba uwe mwangalifu kuliko kawaida. Mtindo wa vinyago vya shetani ulianza kwa wachongaji wa Kimakonde waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi katika mwanzo wake ni la Samaki Likankoa. Lilanga aliurithi na kuugeuza. Msomaji aliyekulia msikitini au kanisani akilikuta neno hilo ataelewa Ibilisi, na ataiona picha nzima kuwa ya uovu. Viumbe wa Lilanga wako karibu zaidi na wale wa ngano, ambao wanakula, wanagombana, wanaumwa tumbo, wanaoneana wivu, na mara nyingi wanafanya yaleyale majirani zetu wanayoyafanya. Eleza hilo mapema, katika aya ya kwanza inayowataja, na usilirudierudie.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana ushauri juu ya sahihi, yaani jina ambalo msanii huliandika kwenye kazi yake, hauingii bila kisa. Katika maonyesho yangu ya pili nililetewa picha ya nyati iliyoandikwa chini yake E. S. Tingatinga. Mwenye picha, mtu mwema kabisa, alinieleza kwamba aliinunua mwaka 1975 kwa mchoraji mwenyewe, mkono kwa mkono. Nikaandika yote hayo kwenye kibandiko, kwa herufi nzuri, nikakibandika ukutani. Siku ya ufunguzi mama mmoja mtu mzima alikisoma, akavua miwani, akakisoma tena, kisha akanigeukia kwa upole: "Marehemu alimuuzia akitokea wapi?" Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka ili nisilie. Mchoraji alikuwa amekwisha kufariki miaka mitatu kabla, na mimi nilikuwa na tarehe zote mbili kwenye jedwali langu, moja juu na nyingine chini, bila kuzikutanisha.

Sahihi ya Tingatinga imeandikwa na mikono mingi. Wakati wa uhai wake alikuwa na vijana aliowafundisha, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, na baada ya kifo chake wao na jamaa zao ndio walioendeleza kazi, hadi ikaundwa jumuiya ya ushirika mwaka 1990. Leo neno tingatinga ni jina la mtindo unaofanywa na mamia ya watu, na kwa mtoto wa shule ni jina la mtambo wa kusukuma udongo barabarani. Kwa hiyo katika maandishi yako tenganisha mambo: Tingatinga kwa herufi kubwa awe mtu, tingatinga kwa herufi ndogo uwe mtindo, na ukikuta picha iliyojaa pundamilia kumi na mlima Kilimanjaro juu ya kitambaa cha amerikani kinachokunjika kuingia kwenye begi la mtalii, fahamu kwamba hiyo ni hatua ya baadaye ya mtindo, yenye sababu zake za kibiashara. Ina mafundi wake hodari ambao nao wana majina, na majina hayo ni wajibu wako kuyauliza.

Kwa Lilanga tatizo limegeuka. Sahihi yaweza kuwa ya kweli na mkono usiwe wake, au usiwe wake peke yake, kwa sababu miaka ya mwisho alikuwa na karakana ambamo wasaidizi walijaza rangi, walichonga, wengine walichora, naye akasimamia na kuidhinisha. Vijana wengi huudhika wanapogundua hili, wakahisi wametapeliwa. Sioni sababu ya hasira. Uchongaji wa Kimakonde tangu zamani umekuwa na fundi mkuu na vijana wanaopiga msasa, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kinyago ni cha mpiga msasa. Kinachotakiwa kwako ni kuandika ukweli unaoujua: kama picha ni ya miaka ya mwanzo, sema, kama ni ya karakana, sema, na usilipandishe jina ili kumfurahisha mwenye mali.

Utakutana pia na masimulizi matamu. Moja husema kwamba mchoraji wa Marekani Keith Haring aliona kazi za Lilanga na kuchukua kutoka kwake namna ya kuchora viumbe wanaochezacheza kwa mistari minene. Ukiweka picha zao pamoja utavutwa kuamini, maana mfanano upo. Lakini kufanana kwa mistari hakuonyeshi nani alimwona nani, na mimi nimejizuia kuliandika kama jambo lililotokea. Nimeona pia kwamba wanaolirudia sana hulitumia kumpa Lilanga thamani kwa kumpitisha New York kwanza, wakati alikuwa na thamani yake tangu alipokuwa getini Nyumba ya Sanaa. Vivyo hivyo kuna mabishano ya muda mrefu kama Tingatinga alichukua mtindo wake kutoka kwenye michoro ya kuta za nyumba za kusini au kutoka kwa picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini. Yataje mabishano hayo kama mabishano. Hujaajiriwa kuyamaliza.

Halafu kuna suala la kuzungumza na walio hai, ambalo vyuoni halifundishwi inavyostahili. Ukienda kwa wachoraji pale Oysterbay au kwa wachongaji wa Mwenge, usiingie na daftari limefunguliwa. Toa shikamoo kwa wanaostahili shikamoo, kaa kwenye benchi, nunua chai kama inapita, na uache kwanza wakuulize wewe ni nani na umetokea wapi. Mtu anayechora kwa ajili ya mlo wa jioni anapoteza fedha kila dakika anayokuhudumia, kwa hiyo mfidie, ama kwa kununua kitu kidogo ama kwa kumwachia chochote. Usipige picha kazi ambayo haijauzwa bila kuomba. Na maswali yako yawe ya mkono: unaanza na nini, unasubiri muda gani, brashi hii umeikata mwenyewe, kwa nini nyekundu hii inawahi kupauka. Ukiuliza "sanaa yako ina maana gani" utajibiwa yale aliyojibiwa kila mgeni kabla yako. Ukiuliza kwa nini brashi imekatwa nywele upande mmoja, utakaa hapo hadi magharibi.

Ushauri wa mwisho nilionao ni kunakili, yaani kufanya kwa mkono wako mwenyewe, hata kama huna kipaji chochote. Mimi sina. Baada ya kisa cha nyati nilinunua kipande cha hadibodi na makopo matatu madogo ya rangi, nikaamua kuchora chui mmoja kwa namna ya Tingatinga. Nilipaka manjano ubao mzima asubuhi ya Jumamosi, nikaona inang'aa vizuri, na kufika alasiri nikaigusa kwa kidole pembeni, nikadhani imekauka. Nikaanza kuweka mwili wa chui. Mguu wa kwanza ulikaa, wa pili ukakaa, wa tatu ukaanza kuvuta manjano kutoka chini na kugeuka rangi ya tope, na nilipojaribu kuufuta kwa kitambaa kilichoshikwa na mafuta ya taa niliondoka na tandiko lote la kona ile hadi ubao ukaonekana. Bado ninacho kipande hicho, kimeegemea ukuta nyuma ya meza yangu, na kijana anapokuja na jedwali lake la safu mbili humwomba kwanza aniambie ni saa ngapi, kwa kukisia, niliweka mguu wa tatu.